Vikombe Sita vya Bibi

Kila asubuhi ya likizo ile, kabla jua halijaanza kuchoma mabati, mama yake Chiriku alikuwa ameshaondoka kwenda kazini kwenye tanuri la mikate. Mezani aliacha jagi la maji yaliyochemshwa na kupozwa, kikombe cha bati, na daftari lenye kalamu katikati. Kazi ya Chiriku ilikuwa nyepesi kuisema: amnyweshe Bibi vikombe sita kabla ya jioni, na kila kikombe kikiisha atie alama ya vema daftarini, ili mama akirudi aone.

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na Bibi mwenyewe kwa sababu mdomo wake haukupoa tangu alipojua kusema. Bibi alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka zaidi ya thelathini, sare za shule ya mtaa ule zilipita mikononi mwake, na hakuna marinda ya sketi yaliyowahi kutoka kwake yakiwa yamepinda. Mjukuu wake alimwita "mke mwenzangu", na wakikosana kidogo humwambia, "Ngoja mume wetu arudi, nitakushtaki." Mume huyo, babu yake Chiriku, alikuwa amefariki zamani, na utani huo ndio uliobaki wa kumtaja bila kulia.

Mwezi mmoja kabla ya likizo, Bibi aliteleza uani akaumia nyonga. Mfupa haukuvunjika, lakini tangu siku hiyo hakuweza kutembea bila kushikwa. Nao walipanga vyumba viwili katika nyumba ya wapangaji wengi. Choo kilikuwa kimoja, mwisho wa ua, na ili kukifikia ilibidi kushuka ngazi tatu za saruji, kupita penye kamba za nguo, kisha kusimama foleni na wengine.

Siku ya pili ya likizo, Bibi alikunywa vikombe vinne kabla ya adhuhuri, akabanwa na haja ndogo. Chiriku alimshika mkono wakashuka ngazi moja moja, Bibi akiguna kwa maumivu. Walipofika, mlango wa choo ulikuwa umefungwa, na watu watatu walikuwa wakisubiri. Wawili kati yao walikuwa wasichana wa darasani kwao Chiriku, wanaopanga vyumba vya mbele.

"Tafadhalini, mpisheni Bibi," Chiriku alisema.

Wakampisha, lakini aliyekuwa ndani hakutoka upesi. Bibi alisimama akikaza meno, mkono wake ukitetemeka ndani ya mkono wa mjukuu wake. Kisha ukaacha kutetemeka. Chiriku alitazama chini, akaona maji yakitiririka juu ya ndala za Bibi na kusambaa kwenye saruji.

Mmoja wa wasichana wale aliziba mdomo kwa kiganja. Mwenzake hakuziba, akacheka.

Hapo Chiriku alifanya jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko mengine yote. Aliuachia mkono wa Bibi. Haikuwa muda mrefu, labda pumzi mbili tu, kama mtu anayetaka ionekane kwamba amesimama peke yake. Bibi akashika ukuta. Alimtazama mjukuu wake.

Kesho yake Chiriku alipomletea kikombe cha kwanza, Bibi alikipokea, akalowesha midomo, akakirudisha.

"Kamwage, mke mwenzangu."

"Mama atauliza, Bibi."

"Mama yako analiuliza daftari, haniulizi mimi."

"Lakini alisema sita."

"Mimi nimelea watoto wanne na kushonea wateja wasiohesabika, sikuwahi kujikojolea mbele za watu." Sauti ya Bibi ilikatika, akageukia ukutani. "Nisipokunywa, sitakwenda. Nisipokwenda, sitaaibika, na wewe hutaaibika. Iwe siri yetu."

Chiriku alisimama na kikombe mkononi. Angeweza kukataa. Angeweza kusubiri mama arudi amweleze. Lakini kusema kweli, naye alipata nafuu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja, wenzake wakicheza mpira wa pete tangu asubuhi, na alishachoka kuzishuka ngazi zile huku macho yote ya ua yakimtazama. Alikwenda akayamwaga maji kwenye mfereji, akarudi, akatia alama ya vema.

Siku ya kwanza mkono ulimsita. Siku ya tatu alizitia alama zote sita kwa mpigo mmoja, akakimbilia kiwanjani.

Joto la mwezi ule lilikuwa la kukaanga bisi. Bibi alikuwa akinywa nusu kikombe cha chai asubuhi mama akiwapo, na vijiko vichache vya mchuzi jioni. Basi. Midomo yake ikaanza kupasuka. Akisimama alisema dunia inamzunguka. Alisinzia mchana kutwa, na ile mara moja aliyokwenda chooni kwa siku, mkojo ulikuwa kidogo na mweusi kama chai isiyo na maziwa. Chiriku aliyaona hayo yote. Alijiambia kwamba ni uzee, na kwamba Bibi mwenyewe hakulalamika kiu.

Mama naye kila jioni alifungua daftari, akahesabu alama, akampapasa mwanawe kichwani. "Ahsante, mwanangu. Bila wewe sijui ningefanyaje." Chiriku akalichukua jagi akaenda kulisuuza.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja tangu siri ile ianze, Chiriku aliingia chumbani akamkuta Bibi ameketi kitandani, macho yamemtoka, vidole vikichezacheza juu ya shuka. Kidole gumba na cha shahada vilibana kitu kisichokuwapo, vikakipitisha kwenye tundu lisilokuwapo, kisha vikavuta uzi ambao hakuna aliyeuona.

"Shikamoo, Bibi."

"Sare hazijaisha," Bibi alisema. "Shule inafunguliwa kesho. Nani kazima taa?"

Jua lilikuwa limejaa chumbani.

"Bibi, ni mimi. Mke mwenzio."

Bibi alimtazama kwa muda, kama mtu anayesoma kibao cha mbali. "Wewe binti ni wa nani?" aliuliza. "Mwambie mama yako sketi yako bado."

Chiriku alilikimbilia jagi. Alijaza kikombe akakipeleka mdomoni kwa Bibi, safari hii kwa dhati, lakini Bibi aliyakaza meno, na maji yakamwagikia kifuani. Akajaribu tena, na tena. Kisha akatoka mbio hadi kwenye tanuri la mikate kumwita mama.

Mama alirudi, unga bado umemjaa nyweleni. Akampigia simu kaka yake, mjomba wa Chiriku, dereva wa lori, ambaye kwa bahati hakuwa safarini. Mjomba alisimama mlangoni akimtazama mama yake akishona hewa.

"Mama, unanijua?" aliuliza.

"Wewe ndiye uliyeleta kitambaa," Bibi alijibu. "Umepunguza mita mbili."

Mjomba alitoka nje akaegemea ukuta. Alikuwa mtu mzima mwenye mabega mapana, lakini Chiriku alimwona akijifuta macho kwa ukosi wa shati.

"Ni uzee, dada," alisema. "Akili za mzee zikishatoka hazirudi. Nimeyaona kwa wengi. Tujiandae tu."

"Juzi alikuwa akinitania," mama alisema. "Juzi tu hapa."

"Ndivyo inavyokuja."

Mama aliketi kwenye ngazi ya juu, akafunika uso kwa kanga. Hakulia kwa sauti. Mabega yake yalipanda na kushuka, yakapanda na kushuka, na Chiriku alisimama nyuma yake akiijua sababu, akashindwa kufungua mdomo.

Walimpeleka kituo cha afya kwa gari la kukodi. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini na mikono ya haraka. Alimpima Bibi mapigo ya moyo, akamtazama ulimi, akaivuta ngozi ya kifuani kwa vidole viwili na kuiachia. Ngozi ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.

"Anakunywa kiasi gani kwa siku?"

Mama alikuwa amelibeba daftari. Alilitoa kwenye mkoba kwa mikono miwili. "Vikombe sita, daktari, kila siku. Binti yangu ndiye anayemnywesha. Ameandika vyote."

Daktari aligeuza kurasa, uso ukamkunjamana. "Vikombe sita, na bado amekauka hivi? Na mkojo hautoki?" Alifunga daftari. "Mama, kama anakunywa vizuri namna hii na yuko hivi, nahofia figo. Figo zikigoma, dripu nyingi itamjaa mapafuni, tutamzamisha akiwa kitandani. Siwezi kubahatisha. Damu yake inakwenda maabara ya hospitali kubwa, majibu ni kesho."

"Na kama ni figo?"

"Kwa umri wake, tusiahidiane mengi."

Bibi alilazwa kwenye wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na dirisha. Vidole havikutulia. Safari nyingine aliita jina la mumewe, akamuuliza kama amefunga geti. Safari nyingine aliita watu ambao hata mama hakuwafahamu. Kufikia adhuhuri sauti ikawa inamtoka kwa shida, ulimi ukigandamana na kaakaa.

Chiriku alikaa chini ya dirisha, mgongo ukutani. Alijaribu kujifariji: labda ni figo kweli. Labda maji hayahusiki. Labda majibu yatakuja, daktari atajua, wala hatalazimika kusema. Lakini kila alipofumba macho aliuona mfereji ule nyuma ya nyumba ukimeza kikombe baada ya kikombe. Alihesabu. Siku kumi, vikombe sita kila siku. Sitini. Mtu mwingine pekee aliyeijua siri ile alikuwa kitandani na hakumjua tena yeye ni nani.

Muuguzi aliingia, akalichukua jagi la maji lililokuwa kando ya kitanda.

"Unalipeleka wapi?" Chiriku aliuliza.

"Daktari amesema tumloweshe midomo tu kwa pamba mpaka majibu yatoke. Maji mengi yanaweza kumdhuru."

Chiriku alisimama.

"Hajanywa," alisema.

Muuguzi hakumwelewa. Mama aligeuka.

"Bibi hajanywa. Hata kimoja hanywi. Ninayamwaga mferejini." Maneno yalitoka bila mpangilio, yeye ambaye alizoea kusimulia hadithi nzima bila kupumua. "Alama ninaziandika mimi tu. Alijikojolea kwenye foleni ya choo, watu wakacheka, akaona aibu. Akaniambia nimwage. Na mimi nikachoka kumpeleka. Nilitaka kwenda kucheza."

Mama alimtazama kana kwamba naye ni mgonjwa asiyemtambua.

"Siku ngapi?"

"Kumi."

Mama alilifungua daftari. Aligeuza ukurasa mmoja, wa pili, alama zimepangwa vizuri kama askari wa gwaride. Akalifunga, akaliweka kitandani, akatoka hadi barazani, akaegemeza paji la uso kwenye nguzo. Chiriku hakuthubutu kumfuata.

Daktari aliitwa. Alisikiliza yote akiwa amesimama, bila kumkatiza.

"Umesema kwa kuchelewa," alimwambia Chiriku, "lakini umesema. Ungenyamaza mpaka kesho, sijui kama ningekuwa na wa kumtibu." Akamgeukia muuguzi. "Lete dripu. Tuanze taratibu, tuangalie kifua kila saa."

Chiriku alidhani maji yakiingia Bibi ataamka papo hapo. Haikuwa hivyo. Matone yalidondoka moja moja mchana kutwa, na Bibi akaendelea kuvuta uzi usioonekana. Siku ya pili majibu yalikuja: figo zilikuwa zimeumia kwa ukavu, ila hazikuwa zimekufa. Daktari alisema kuna tumaini, lakini Bibi alilala kama gogo, na kila alipoamka alimwita Chiriku kwa jina la mtu mwingine. Mama hakumsemesha mwanawe. Alimpa chakula, akampa kanga ya kujifunika, akamwonyesha pa kukaa, vyote kwa kimya. Chiriku aliona afadhali angechapwa.

Siku ya tatu, kama saa nne asubuhi, Chiriku alikuwa akimpepea Bibi kwa kipande cha boksi. Aliona vidole vimetulia juu ya shuka. Akainua macho, akakuta Bibi anamtazama.

"Nani kakusuka hivyo?" Bibi aliuliza kwa sauti nyembamba. "Upande mmoja umepinda. Mume wetu atakukimbia."

Chiriku aliweka kichwa chake kwenye ukingo wa kitanda akalia mpaka kamasi zikamtoka. Bibi alishangaa. Hakukumbuka foleni, hakukumbuka kikombe wala siri. Siku zile zote zilikuwa zimefutika kichwani mwake, zikabaki kwa Chiriku peke yake.

Jioni daktari alikaa nao.

"Kwa hiyo ni vikombe vingapi, daktari?" mama aliuliza. "Nilisema sita kwa kukisia tu."

"Hukukosea sana. Mtu mzima wa kawaida anahitaji kama vikombe sita mpaka vinane kwa siku, hivi vya kawaida. Si lazima viwe maji matupu. Chai, uji, maziwa, mchuzi, vyote vinahesabika. Lakini hakuna kipimo kimoja cha watu wote. Penye joto, au kazi ya jasho, au homa, au kuharisha, huongezwa. Wenye ugonjwa wa moyo au wa figo wafuate kipimo cha daktari wao, kama Bibi sasa, nitawaandikia chake." Akamtazama mama. "Wewe unafanya kazi gani?"

"Tanuri la mikate."

"Unakunywa nini huko?"

Mama alisita. "Nikirudi nyumbani ndio ninakunywa. Kule hakuna nafasi ya kutoka."

"Basi na wewe uko njia hiyo hiyo aliyopita mama yako. Na wewe binti, ukitoka kwenye mpira, usingoje kiu ikutoe ulimi. Utazameni mkojo. Ukiwa wa rangi hafifu, mambo ni mema. Ukiwa wa rangi nzito, mwili unaomba maji. Na wazee," alisema, akiishika shuka ya Bibi na kuinyoosha, "kiu yao huzeeka kama macho. Maji yanawaishia na wala hawahisi. Ndiyo maana wanahitaji mtu wa kuwakumbusha, tena mtu mkweli."

Kisha akamwinamia Bibi. "Ni kweli unaona aibu kwenda chooni, mama?"

Bibi aligeukia dirishani. "Naona," alisema.

Waliporudi nyumbani, mjomba alimleta fundi seremala wa jirani. Fundi alichonga kiti imara chenye tundu katikati na ndoo yenye mfuniko chini yake, wakakiweka pembeni mwa chumba cha Bibi. Bibi akataka pazia la kukizunguka. Mama alikata kitambaa, na Bibi akasema upindo atashona mwenyewe kwa mkono. Alishona siku mbili. Mikono yake haikuwa imerudi kama zamani, na ulikuwa mshono wa kwanza uliopinda katika maisha yake. Aliutazama, akaufuta kwa kiganja kana kwamba utanyooka. Chiriku alilitundika pazia vile vile.

Siku hiyo ndipo mama alipomwita uani. Walikaa kwenye ngazi.

"Nilikukasirikia," mama alisema. "Bado hasira haijaisha. Lakini nimekaa nikafikiri. Nilikupa mzigo wa mtu mzima, nikawa naangalia daftari badala ya kumwangalia mama yangu. Hilo ni kosa langu, na ninalibeba. Lako ni hili: ulichoka, ukaficha. Kuchoka si dhambi, mwanangu. Mtu akisema amechoka, husaidiwa. Lakini akisema uongo, tutamsaidiaje na hatujui? Daktari alikuwa na dawa mkononi, ule uongo ukamshika mkono. Bibi yako ilibaki kidogo afe kwa kukosa maji, na jagi limejaa liko mezani."

Chiriku alikubali kwa kichwa. Kutoka kiwanjani zilisikika kelele za wenzake wakicheza, na ndani Bibi alikuwa amekunywa kikombe cha nne tangu asubuhi, viwili vilikuwa bado.

"Mama," alisema, "leo nimechoka."

Mama alimtazama. Kisha akainuka, akakung'uta vumbi kwenye gauni.

"Haya, nenda kacheze," alisema. "Hivyo viwili ni zamu yangu."